Siku Redio Aliponyamaza

Nyumbani aliitwa Redio, na aliyempa jina hilo ni bibi yake mwenyewe. Alikuwa msichana wa darasa la sita. Akiosha vyombo, anasema. Akifagia uani, anasema. Akipiga mswaki anasema pia, povu linaruka mpaka kwenye kioo. Bibi alikuwa akilalamika kwamba redio za watu wengine huishiwa betri, lakini ya kwake kila ukiilisha inaongeza sauti.

Kila jioni Redio alichemsha maji ya kunywa. Shangazi yake, ambaye alikuwa nesi katika zahanati, alikuwa na sheria asizokubali zivunjwe: maji yatokote hasa, yapoe yakiwa yamefunikwa, yatiwe kwenye chombo kisafi. Na maji kuonekana meupe si hoja, kwa sababu vijidudu havipigi hodi. Redio aliyajua maneno hayo kama jina lake.

Ndiyo maana, ilipofika safari ya ibada, yeye ndiye aliyekabidhiwa dumu.

Kila likizo, waumini wa nyumba yao ya ibada walifunga safari ya miguu hadi kijiji fulani chenye shida. Njiani waliimba na kusali, wakifika walifanya kazi. Kiongozi wao, fundi seremala, hakuruhusu mtu aje mikono mitupu. Yeye alibeba msumeno, mwashi alibeba mwiko na saruji, wengine majembe. Bibi, ambaye magoti yake yalikwisha kustaafu, alibeba nyimbo na fimbo. Mwaka huo walikuwa wakienda kwenye kijiji ambacho watoto wake waliharisha sana, maana watu na ng'ombe walichota na kunywa kwenye chemchemi moja. Seremala na wenzake wangeizungushia uzio. Shangazi angewafundisha akina mama kukoroga maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha mtoto anayeharisha. Kwa kazi hiyo alihitaji maji yaliyochemshwa, na hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye dumu la Redio.

Safari ile ilikuwa na sharti moja. Kuanzia darajani hadi chemchemini, hakuna kusema hata neno, mpaka sala ya kwanza iishe. Katika kimya hicho kila mtu alitakiwa kusikiliza ametumwa nini. Ni sharti lililowafanya wote wamtazame Redio kwa wasiwasi. Mwashi alisema amebakiza saruji kidogo, endapo mdomo wa mtu utahitaji kuzibwa.

Darajani walipumzika. Redio alimpa Bibi maji, akakikaza kifuniko cha dumu nusunusu, akawakimbilia wenzake. Aliona muda unamwishia, basi akaamua kuyamaliza maneno ya njia nzima palepale. Aliwasimulia jinsi bata wa jirani alivyomkimbiza mwalimu wa hesabu. Ili awe bata, alitanua mikono. Ili awe mwalimu, alikimbia kinyumenyume. Wenzake walicheka mpaka machozi, kisha wakaitwa kwenda kupanga mstari. Redio alibaki nyuma akimalizia mbio za mwalimu peke yake, na kisigino chake kikakutana na dumu.

Alipoliinua, maji yaliyobaki humo yangemtosha kuku.

Methali husema maji yakimwagika hayazoleki. Redio aliona aliyeitunga hakuwa na mto karibu. Chini ya daraja maji yalikuwa yakipita meupe, kokoto zinaonekana chini. Alijua sheria za Shangazi, hakusahau hata moja. Lakini alijiambia atalijaza tu ili lisionekane jepesi, halafu amweleze Shangazi papo hapo. Alipopanda kutoka mtoni na dumu limejaa, seremala alikuwa amekwisha kuinua mkono juu. Kimya kilikuwa kimeanza.

Mwanzoni Redio alishusha pumzi. Angesema, ila sharti ni sharti. Yeye ambaye hajawahi kuheshimu kimya hata cha chumba cha mtihani, leo akawa mlinzi wake mkuu. Alitembea midomo ameibana. Mwashi alimwona, akamvulia kofia. Shangazi aligeuka, akamtabasamia kwa fahari. Bibi alitazama mbinguni kama mtu aliyejibiwa dua ya miaka mingi. Kila aliyemsifu kwa macho ni kama aliyemtumbukizia jiwe ndani ya dumu.

Hatimaye lilimlemea. Alimvuta Shangazi gauni, akaonyesha dumu, akatikisa kichwa kwa nguvu. Shangazi alielewa kuwa mtoto amechoka. Akalichukua dumu, akalibeba mwenyewe, akamshika Redio bega kwa upole. Sasa mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko mwanzo.

Wenyeji waliwapokea chemchemini kwa kimya vilevile, kwani walielezwa mapema desturi ya wageni wao. Mbele kabisa alikaa mama aliyepakata mtoto mdogo. Macho ya mtoto yalikuwa yamedidimia, midomo imekauka. Alikuwa akilia, lakini machozi hayatoki. Shangazi alimtazama mara moja tu, akajua huyu hawezi kungoja sala iishe. Alinawa mikono, akamimina maji kutoka kwenye dumu, akapima sukari na chumvi, akakoroga, akampa mama kikombe na kumwonyesha kwa ishara amnyweshe kidogo kidogo. Seremala alipiga magoti, akaanza kusali. Vichwa vyote vikainama.

Redio peke yake ndiye aliyeacha macho wazi. Aliona kikombe kikipanda. Aliwaza kwamba mtoto akizidiwa, watu wataisema chemchemi. Hakuna atakayemshuku yeye, wala leo wala kesho. Na hilo, badala ya kumpa moyo, ndilo lililomtia hofu kuliko yote.

"Mama, usimnyweshe," alisema. "Hayo maji hayajachemshwa. Nimeyachota mtoni."

Sauti ilimtoka ndogo, lakini katika kimya kile ilisikika mpaka nyuma. Sala ilikatika. Mama alikirudisha kikombe nyuma kwa haraka hata kikammwagikia mkononi. Shangazi aliuliza jambo moja tu.

"Amekunywa?"

Mama alimfuta mtoto midomo kwa kidole, akakitazama kidole chake. "Hata tone, dada yangu. Ndiyo kwanza nilikuwa nakisogeza."

Shangazi aliketi chini, pumzi zikamtoka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Redio alieleza yote, machozi yakimtiririka: kifuniko, mto, hata bata. Alipofika kwenye bata, mwashi alishikwa na kikohozi kikali sana.

Hapakuwa na muda wa kugomba. Kikombe kilimwagwa, dumu likamwagwa na kusafishwa. Wenyeji walileta sufuria na kuni, moto ukawashwa palepale. Seremala alianza sala upya, safari hii watu wameizunguka sufuria, na nyimbo za Bibi zikaimbwa maji yakichemka. Wakati yakipoa, yamefunikwa na kutiwa ndani ya beseni la maji baridi, Shangazi alikaa miongoni mwa akina mama kama mwanafunzi, akamwambia Redio asimame afundishe.

Redio alifundisha. Hakuwaambia tu la kufanya, aliwaeleza pia pale alipokosea na kwa nini maji meupe yalimdanganya. Akina mama waliuliza maswali mengi. Mmoja alikiri kuwa naye huyaamini maji kwa macho, akaomba aelezwe tena tangu mwanzo.

Mtoto alinyweshwa kwa kijiko. Kijiko kikageuka kikombe, na baadaye akawa anakivuta kikombe mwenyewe, hataki kikae mbali. Alasiri, uzio ukiwa umesimama na mwashi akisawazisha njia ya maji, mtoto yule alimkojolea Shangazi mapajani. Shangazi alicheka kama aliyetunzwa zawadi. Aliwaambia wote kwamba mtoto aliyekaukiwa hupungukiwa mkojo, hivyo gauni lake limelowa habari njema. Mama wa mtoto alicheka na kulia kwa pamoja.

Redio alimwendea seremala kuomba msamaha kwa kuvunja kimya.

Seremala aliweka msumeno chini. "Binti yangu, kile kimya ni cha kusikiliza umetumwa nini. Wewe ulitumwa kusema. Ungenyamaza, hapo ndipo ungelivunja sharti letu."

Shangazi, aliyejifunga khanga akianika gauni lake kwenye uzio mpya, hakumwachia aondoke na sifa tu. "Kumwaga maji si kosa kubwa, hata mimi humwaga," alisema. "Kosa ni kulijaza dumu uongo, halafu ukajificha nyuma ya kimya. Siku nyingine ukikosea, sema palepale, kosa likiwa bado dogo. Umeona lilivyokuwa zito njiani."

"Nimeona, Shangazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na kuanzia sasa, kifuniko kikaze mpaka mwisho."

Wakirudi, walipofika darajani Redio alikuwa bado hajasema neno, ingawa kurudi hakukuwa na sharti lolote. Wenzake walitazamana. Mwashi aliuliza kama kuna mwenye betri. Bibi alisimama, akamshika mjukuu wake kidevu.

"Mjukuu wangu, miaka yote nimemwomba Mungu akunyamazishe," alisema. "Leo mchana nimemwambia ombi lile alifute. Haya, huyo bata alimfikisha wapi mwalimu?"

Redio alifuta pua. Kisha akakikaza kifuniko cha dumu, akalisogeza mbali kabisa na miguu yake, akatanua mikono.