Jicho Lililobaki Ndani ya Ordinatere

Kaswera Delphine ni mama wa Butembo, wa komini ya Kimemi. Bwana yake, Mathe, baba wa mtoto wao Abigaïl, analima viazi. Kila asubuhi Mathe anashika njia ya shamba, na Kaswera anashika njia ya parokia. Kule ana chumba kidogo chenye meza moja na viti viwili. Kazi yake ni kusikiliza. Wanawake waliokimbia vita, wengi kutoka Manguredjipa, wanakuja kumwambia yaliyowapata. Yeye anaandika. Maandishi yale yanawasaidia kupata dawa, na siku moja, pengine, kusikilizwa mahakamani.

Kwa miaka mingi aliandika kwenye madaftari. Kisha mvua ikapita mabati, ikaingia kabatini, na kurasa zikawa uji. Padri akampa ruhusa ya kununua ordinatere, yaani kompyuta. Kaswera akapanda gari mpaka Beni, kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Zorobabel. Huyu anauza ordinatere zilizokwisha kutumika Ulaya.

"Hii ilikuwa ya biro, ofisi ya kule Ulaya, mama," Zorobabel akamwambia. "Iko nyepesi sana. Nilifuta yote ya ndani mimi mwenyewe. Iko sawa na mupya."

Ilikuwa nyembamba, inang'aa. Kaswera akaipenda, akaichukua.

Siku ya Mungu, Jumapili moja, wakila nyumbani na mashine iko wazi mezani, taa ndogo ikawaka juu ya kioo. Mathe akauliza: "Mama Abigaïl, kale kataa ka kijani pale juu, sababu gani kanawaka na kuzima?"

"Sijue. Pengine mashine inakula umeme."

Wakaendelea kula.

Siku ya nne ya juma lile, Kaswera alikuwa peke yake katika chumba cha kazi. Alifungua mashine ili apange maandishi. Kioo kikawa cheusi. Kisha maneno meupe yakatokea, kwa Kifaransa: mashine hii imetangazwa kwamba imepotea, na inaangaliwa kutoka mbali. Chini yake palikuwa namba ya simu.

Kaswera akaifunga kwa mikono miwili kama mtu anayefunika chungu chenye nyoka. Akaibeba, akatoka mbio. Kitambaa cha kichwa kilianguka njiani. Hakurudi kukiokota.

Alikimbilia kwa Nadège, binti anayetengeneza ordinatere karibu na soko. Nadège akafungua mashine, akatafuta, akatafuta tena. Akasogeza kiti.

"Ikala kwanza, mama."

Ndani ya mashine kulikuwa na picha zilizofichwa. Ya kwanza ilikuwa Kaswera mwenyewe, kichwa wazi, rozari mkononi. Ya pili ilikuwa Mathe, amevaa singileti, anatafuna sombe. Ya tatu ilikuwa Bénite, mama mmoja wa Manguredjipa. Amekaa kwenye kiti cha chumba cha kusikiliza. Machozi yako kwenye mashavu. Uso wote unaonekana.

"Yesu wangu! Nani alipiga hii?"

"Mashine yenyewe."

"Mais mimi sikugusa kamera hata siku moja!"

"Najua, mama. Haikukuuliza."

"Na zilienda wapi?"

Nadège akahesabu. "Ziko makumi ine na moja. Munane zilienda. Zingine zilikosa rezo ya internet, ziko zinangojea."

"Ile ya Bénite?"

Nadège hakuinua macho. "Ile ilienda."

Kaswera hakulia. Akamwonyesha Nadège ile namba ya simu.

Nadège akapiga ile namba. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka Ubeljiji, kutoka kampuni ya bima. Akaangalia orodha zake. Ndiyo, mashine ilikuwa yao. Waliiuza miaka miwili iliyopita pamoja na zingine nzee. Mtu alisahau kuitoa kwenye orodha ya ulinzi wa wezi, na walipohesabu mashine zao ikaonekana imepotea, ndipo ikaanza kupiga picha za aliye nayo. Aliomba samahani. Alisema picha watazifuta.

"Mutatuonyesha namna gani kama mumefuta?" Kaswera akauliza.

Yule mwanamke akarudia kuomba samahani, akakata simu.

Siku ileile Nadège aliweka kando maandishi ya akina mama na picha moja, ya Mathe, kisha akafuta kila kitu ndani ya mashine, akaweka Windows mpya. Kesho yake akaiunga kwenye rezo ili kumtuliza Kaswera. Saa moja haijaisha, kataa ka kijani, kale ka kamera, kakawaka.

"Si ulifuta!" Kaswera akapiga kelele.

"Nilifuta." Nadège mwenyewe alikuwa ametoa macho. "Nilisomaka hili jambo. Sikuwahi kuliona."

Akageuza mashine, akafungua skuru, akamwonyesha kitu cheusi kidogo chenye miguu minane kwenye plaki ya ndani ya mashine.

"Angalia, mama. Hapa njo kunalala kaprograme kadogo. Tunakaitaka BIOS. Ukiwasha mashine, kenyewe kanaamuka wa kwanza, kisha kanaamusha Windows. Mimi nilifuta disiki. BIOS haiko kwa disiki. Iko kama mutu mwenye kulala ndani ya musingi wa nyumba. Unabadilisha manjanja ya paa, unapaka chokaa, yeye iko tu. Ile kitu ya kuchunga wezi ilifichama mule. Kila mara naweka Windows mupya, inajirudisha."

"Donc Zorobabel alinidanganya?"

"Hapana. Yeye pia hakujua. Kiwanda kinafunga maandishi ya BIOS, mutu wa inje hasomi."

"Sasa tutatumika na nini? Turudie madaftari?"

"Kuko BIOS ya wazi. Maandishi yake yote iko mbele ya batu. Fundi wa hapa anasoma, fundi wa mbali anasoma. Mutu akificha jicho mule, bengine bataliona. Nisikudanganye: kunabakia kapande kadogo ka kiwanda sisi hatuguse. Lakini mulango mukubwa tunafunga wenyewe. Mais haiingie kwa kila mashine. Donc tunaanza na kuchagua mashine."

Siku ya posho, Jumamosi, wakaenda Beni wote wawili. Walimwonyesha Zorobabel ile picha ya Mathe, wakamweleza jinsi mashine ilivyoipiga. Akaikazia macho. Kisha akajikalisha kwenye katoni.

"Niliuza kumi na mbili za aina hii," akasema polepole. "Moja iko kwa bibi yangu. Iko kwenye chumba yetu ya kulala."

Zorobabel akachukua telefone, akampigia mke wake. "Funga ile mashine. Sasa hivi. Hapana uliza."

Nadège alimwacha Kaswera achague mwenyewe. Kaswera akageuza kila mashine, akasoma jina lake kamili chini ya tumbo, na Nadège akalitafuta kwenye orodha ya zile zinazokubali BIOS ya wazi. Zikabaki tatu. Kaswera akawasha ya kwanza na kuingia BIOS. Ikaomba neno la siri la mtu asiyejulikana. Akaiweka pembeni. Ya pili ilikuwa bado na ulinzi wa wezi wa mtu mwingine. Akaiacha pia. Ya tatu ilifunguka bila shida. Ilikuwa nyeusi, nene, pembe moja imekwaruzwa.

"Hii nzee?" Zorobabel akashangaa.

"Njo hii," Kaswera akajibu.

Waliporudi Butembo, Nadège aliweka BIOS ya wazi, akakata waya za kamera na mikrofoni. Akaweka neno la siri kwenye disiki, ili mwizi asisome kitu. Skuru akazipaka verni nyekundu ya kucha, akazipiga picha: mtu akizifungua, verni itavunjika. Na Kaswera akaacha kuandika majina. Kila mama akapewa namba. Zorobabel naye, tangu siku ile, hauzi mashine bila kuingia BIOS yake kwanza.

Lakini Bénite alikuwa hajajua.

"Usimwambie," Mathe akasema. "Utamuogopesha bure."

"Papa Abigaïl, uso iko wake."

Akaenda, akamwambia yote, hata kwamba picha ilifika kwa watu wasiowajua. Bénite alimsikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akaondoka bila kuaga. Majuma matatu hakuja.

Juma la nne, mlango ukagongwa. Ni Bénite. Hakukaa. Aliangalia mashine nyeusi kwanza.

"Jicho iko wapi?"

Kaswera akamwonyesha tundu la kamera, na waya uliokatwa, ambao Nadège aliuweka ndani ya bahasha. Akamwonyesha verni. Akafungua maandishi. Bénite anajifunza kusoma bado. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Kumi... na saba. Ni mimi?"

"Ni wewe. Jina yako haimo."

Bénite akavuta kiti karibu na meza, akakaa.

"Siku ile nilikuambiaka nusu," akasema. "Leo andika yote."