Folda Namba Ishirini na Tatu

Nikitoka shule nilikuwa sipiti nyumbani kwanza. Nilinyoosha moja kwa moja hadi studio ya baba, chumba kimoja chenye pazia la bluu ukutani, kigoda cha kukalia wateja, taa mbili ndefu na kompyuta iliyokuwa ikinguruma kuliko feni. Kazi zangu zilinisubiri pale. Nilikata picha ndogo za vitambulisho, nilitundika bahasha za wateja, na nilifuta vumbi. Kuhusu hilo la vumbi, baba alisema mimi silifuti, nalihamisha tu.

Bahasha zilikaa kwenye misumari arobaini iliyopigwa kwenye ubao mrefu, kila msumari na namba yake. Mteja akipigwa picha alipewa namba, na namba hiyo iliandikwa kwenye bahasha yake, kwenye folda yake ndani ya kompyuta, na kwenye daftari kubwa la sahihi. Akija kuchukua picha zake anatia sahihi, na bahasha inatoka msumarini. Kila Ijumaa jioni tulifuta folda za waliokwisha kuchukua, ili kompyuta ipate nafasi. Baba alisimama mbele ya ubao na daftari mkononi, mimi nikakaa kwenye kompyuta.

"Namba nane. Msumari mtupu, sahihi ipo. Futa."

"Nimefuta, baba."

Bila hayo mawili, msumari mtupu na sahihi, folda haiguswi. Baba alikuwa mkali kwa hilo kuliko hata kwa alama zangu za hisabati, ambazo nazo hazikuwa za kujivunia.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kichwani mwangu hamkuwa na nafasi ya hisabati. Kulikuwa na gemu. Mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi ambaye tulimwita Kiroboto kwa sababu hakujua kukaa mahali pamoja, tulikuwa tumecheza sehemu yake ya kwanza mpaka tukaimaliza mara tano. Ni gemu la vita vya angani. Humwoni mpiganaji, unaona mikono na bunduki tu mbele yako, kana kwamba macho yanayotazama ni yako mwenyewe. Unapita ndani ya chombo cha anga ukiwinda maroboti. Kwa sababu ya gemu hilo Kiroboto aliniita Komando, na jina likanikaa.

Sehemu ya pili ilitangazwa, tukaingoja miaka miwili. Tulitazama tangazo lake kwenye simu ya shangazi mpaka tukalijua kwa moyo. Miezi saba inaning'inia angani, kila mmoja una dunia yake, na maroboti yana akili kuliko binadamu! Tuligawana miezi ile kama watu wanaogawana shamba. Kiroboto alichukua minne, akasema yeye ni mkubwa kwangu kwa wiki tatu.

Sasa nirudi studio. Jumamosi moja alikuja Fundi Bomba na familia yake. Alikuwa fundi wa mabomba, mzee mwenye tumbo na sauti nzito, na nyumba yake ilitazamana na studio yetu ng'ambo ya barabara. Mkewe alikuwa mshonaji. Miaka thelathini mama huyo alimwomba mumewe wapige picha ya pamoja, na miaka thelathini mzee alikataa kwa maelezo kwamba akipigwa picha anafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Siku hiyo alikubali kwa sababu binti yao alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi. Baba alipomwambia atabasamu, alijibu, "Nikitabasamu nitaongezewa bei?" Wote wakacheka, na baba akabonyeza kamera wakiwa bado wanacheka. Baadaye akaziingiza picha kwenye kompyuta, akaisafisha kadi ya kamera kwa ajili ya kazi nyingine. Wakapewa namba ishirini na tatu.

Alhamisi iliyofuata baba alikwenda kupiga picha za madarasa katika shule moja, akaniachia studio. Hazikupita dakika kumi, Kiroboto akaingia mbio, amekumbatia diski kifuani.

"Komando! Kaka ameleta! Miezi saba yote iko humu!"

Kama baba aliruhusu magemu kwenye kompyuta ya kazi? Hakuwahi kukataza, kwa sababu mimi sikuwahi kumwuliza.

Tukaanza kuliingiza. Kompyuta ikagoma, ikasema haina nafasi.

"Futa kitu," alisema Kiroboto.

"Tunafuta Ijumaa."

"Kesho si Ijumaa? Unafuta leo badala ya kesho, ubaya uko wapi?"

Niligeuka nikatazama ubao. Misumari mitano ilikuwa mitupu. Daftari la sahihi lilikuwa ndani ya mtoto wa meza, hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikuinuka. Nilifuta folda tano, ishirini na tatu ikiwemo, kisha nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, lisibaki hata chembe.

Gemu likaingia. Tulikaa kwenye kigoda kimoja, nusu yangu nusu yake, roho juu.

Nieleze vipi? Bunduki iliyokuwa mbele yetu ilionekana kama mpini wa ufagio. Tulitembea kwenye ujia mrefu wa chuma, tukafungua mlango, tukaingia kwenye ujia mwingine uleule, wenye taa ileile iliyopasuka. Maroboti yenye akili kuliko binadamu yalikwama mlangoni, yakawa yanapiga hatua palepale na pua zimegusa ukuta. Kiroboto alilipiga moja risasi thelathini. Halikufa wala halikugeuka.

"Labda linaanza polepole," alisema.

"Labda."

Tukafika mahali pa kuchagua mwezi. Miwili tu ndiyo iliyofunguka. Mitano iliyobaki ilikuwa na kufuli, na chini yake pameandikwa kwamba itakuja baadaye. Katika minne ya Kiroboto, hata mmoja haukuwemo. Alitazama kioo muda mrefu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikaa bila kujitikisa. Mimi nilitaka kulia. Kulilia gemu ni aibu, najua, lakini miaka miwili ni mingi kwa mtoto, na kitu tulichokingoja hakikuwepo kabisa.

Ijumaa jioni baba alisimama mbele ya ubao kama kawaida. Akasoma namba, nami nikaitika "nimefuta" kwa folda ambazo nilikwisha kuzifuta jana yake. Nne zilikuwa na sahihi. Nikaanza kupumua.

"Ishirini na tatu," alisema baba. "Msumari mtupu, sahihi hakuna. Hiyo iache. Bahasha niliitoa mimi mwenyewe. Picha zilitoka na mistari myekundu, nikazichana. Wino mpya unaingia Jumatatu, nitazitoa upya. Umesikia, mama?"

Baba huniita mama akiwa na furaha.

"Nimesikia," nilisema.

Maneno mengine yalikuwa hapo hapo mdomoni. Nilimeza mate, yakashuka pamoja nayo.

Jumamosi asubuhi Fundi Bomba alichungulia mlangoni, begi la spana begani. "Picha zangu zimeiva?"

"Jumatatu, mzee wangu," baba alimjibu.

"Haya. Msinipunguze tumbo, nimeligharamia." Akanigeukia. "Na wewe leo vipi? Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kula, binti, umekonda."

Akaenda zake akicheka. Mchana, baba alipotoka kwenda kula, Kiroboto alirudi na diski. Kaka yake alikuwa amemtumia nyongeza ya gemu, ya kurekebisha yale maroboti na kufungua mwezi wa tatu. Nilijua folda imepotea, nilijua nimenyamaza, na bado nilimwambia, "Weka." Nilitaka gemu liwe zuri, angalau nipate kitu katika balaa hilo. Tuliliwasha. Maroboti yakatoka mlangoni, yakaenda kukwama kwenye ukuta wa pili.

Jumapili Fundi Bomba alianguka akiwa kazini, chini ya sinki la mteja. Walimfikisha hospitali, moyo ulikuwa umesimama.

Jumatatu asubuhi binti yake, yule muuguzi, aliingia studio, macho yamevimba. Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo, nami nilikuwepo.

"Tunaomba ile picha," alimwambia baba. "Tunazika kesho, na hatuna nyingine. Ya mwisho aliyopiga alikuwa kijana."

"Pole sana, mwanangu. Wino umefika. Nazitoa sasa hivi, kaa."

Baba akafungua kompyuta. Akatafuta. Akarudi mwanzo, akatafuta tena, akisoma namba kwa sauti ya chini. Nilimtazama kisogo chake, nikaona anaanza kuhangaika.

"Nilizifuta mimi," nilisema. "Alhamisi. Nilitaka nafasi ya gemu."

Baba hakunigombeza. Alibaki ameshika meza kwa mikono miwili, na mimi ningefurahi kama angenichapa. Binti wa Fundi Bomba alinitazama kana kwamba nimesema lugha asiyoijua.

Dakika chache baadaye tulikuwa kwa fundi wa kompyuta, baba amebeba mashine mwenyewe. Fundi aliiunganisha na ya kwake, akafanya kazi saa tatu bila kuinua kichwa. Kisha akanieleza, mimi na si baba.

"Ukifuta picha, haiondoki papo hapo. Kompyuta inasema tu kwamba mahali pale pako wazi. Kitu kipya kikija ndipo kinakalia mahali pake. Gemu liliingia lini?"

"Alhamisi. Na nyongeza Jumamosi."

"La Alhamisi lilikalia chache. Ijumaa ningezipata nyingi tu." Akakuna kidevu. "Hii ya Jumamosi ndiyo iliyomaliza. Na gemu lenyewe ni zuri?"

"Hapana."

"Pole," alisema, na sikujua ananipa pole ya nini.

Katika picha sitini za folda ile alipata moja, nayo si nzima. Juu ilikuwa safi: pazia la bluu, nywele za binti, kitambaa cha mama, paji la uso la Fundi Bomba na macho yake yaliyojikunja kwa kicheko. Kuanzia puani kwenda chini yote ilikuwa rangi ya majivu.

"Uzembe wangu nao umechangia," baba alisema tukiwa njiani. "Diski ya akiba iliharibika mwaka jana, nikawa nasema kesho, kesho. Lakini kwa mama yule utasema wewe. Mimi nitakaa pembeni yako."

Tulivuka barabara. Cherehani ya mama mshonaji ilikuwa imefunikwa shuka, na yeye amekaa chini kati ya majirani. Walitupisha. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: kigoda, misumari, daftari ambalo sikulifungua, gemu. Hakuna aliyenisaidia. Kisha baba akampa ile picha.

Aliishika karibu na uso. Alipitisha kidole pale juu, kikasimama kwenye mpaka wa majivu.

"Macho yake haya," alisema. Halafu akaniuliza, "Ulijua lini kwamba umekosea?"

"Ijumaa, mama."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Jioni."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu ya kitambaa.

"Ijumaa jioni alikuwa amekaa hapo ulipo wewe, anakunywa chai. Jumamosi alikuwa mzima. Ungesema, baba yako angetuita. Mume wangu angenung'unika, angevaa tena ile suti aliyopigiwa picha, angevuka barabara kwa miguu yake mwenyewe, tukapigwa nyingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpaka dakika ile nilikuwa nafikiri kosa langu ni la Alhamisi. Nililia kwa sauti mbele ya watu wote wale.

"Mwanangu, nisikilize," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka tu. "Kufuta ulikosea. Hata mimi nimewahi kukata nguo ya mtu vibaya, nikamwita siku hiyo hiyo, akanigombeza, tukatafuta kitambaa kingine. Lakini kunyamaza hukukosea. Kunyamaza ulichagua. Ulikuwa na siku mbili za kutengeneza, ukazitumia kujificha. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Usingoje mpaka kusema kusiwe na faida kwa mtu yeyote."

"Ndiyo, mama."

"Na daftari, lifungue." Akamgeukia baba. "Kata hii sehemu tupu, unitolee iliyobaki. Tutaweka hiyohiyo. Hatuna jinsi."

Baba alisema ataileta kabla ya jua kuzama, na aliileta.

Tulipotoka nje tulisimama kungoja gari moja lipite. Barabara ile ni nyembamba. Kutoka mlango wake hadi mlango wetu ni hatua kumi na nane. Nilizihesabu.