Aliyebonyeza Ndiyo

Simu ya Madoido ilianza kunuka nguo iliyoungua siku ya Jumanne saa sita mchana, na pasi ilikuwa baridi. Mtu mwenye akili angeshtuka. Yeye alifungua dirisha.

Madoido alikuwa fundi cherehani, na kwa kazi yake usimdharau. Kiuno cha mteja alikipima kwa jicho. Mdharau kwa hili: kusoma sentensi moja mpaka mwisho kulimshinda. Simu ikimletea maandishi, alibonyeza popote ili yamwondokee machoni. Wiki nzima ilikuwa ikimuuliza, "Kuna anayejaribu kuingia kwenye akaunti yako. Je, ni wewe?" Naye, pini mdomoni, kidole kwenye Ndiyo. Mara nane. Jini hana haja ya ufunguo. Anataka mpumbavu mmoja tu wa kumkaribisha.

Na ndani ya akaunti hiyo mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, dakika nne, akimfundisha kukata kola huku akikohoa na kumsema. Nakala nyingine haikuwepo. Kila asubuhi aliisikiliza kabla ya kukanyaga cherehani.

Jumatano akaifungua. "Kata taratibu, we mzembe," mama akasema, akakohoa kama siku zote. Kisha pale alipozoea kunyamaza, akaongeza, "Nani huyo nyuma yako?"

Nyuma yake palikuwa na sanamu la kujaribishia nguo, lisilo na kichwa.

Alikimbilia duka la pili kwa dada yake mkubwa, fundi simu, mwanamke mwenye mdomo kama wembe. Dada akaja, akafunga mlango.

"Ulibonyeza Ndiyo mara ngapi?"

"Ilikuwa inanisumbua, dada."

"Na mwizi akikusumbua kwa kugonga, unamtandikia kitanda?"

"Nilidhani inanisalimia tu."

"Simu ikusalimie wewe. Una nini cha kusalimiwa?"

Akafungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Vilikuwa viwili. Cha kwanza, simu yenyewe. Cha pili hakikuwa na jina, na chini yake paliandikwa: kinatumika sasa, mahali ni hapa.

Dada akaacha maneno ya kejeli. "Nabadilisha neno la siri, halafu nakitoa," akanong'ona. "Ile sauti ni ya mama yangu pia. Usikohoe, usiguse kitu."

Akabadilisha. Alipobonyeza Toa, cherehani ikaanza kujikanyaga yenyewe, polepole kwanza kama mtu anayejifunza, halafu kwa kasi, sindano ikitoboa meza tupu, harufu ya nguo inayoungua ikiwajaa kooni mpaka machozi yakawatoka, na lile sanamu, ambalo tangu asubuhi lilitazama dirishani, likawa limewageuzia kifua bila yeyote kuliona likigeuka, na Madoido, ambaye hakuwahi kumshika dada yake mkono tangu utotoni, akaushika, akaung'ang'ania mpaka cherehani ikanyamaza ghafla.

"Ametoka?"

"Ametoka. Ingia kwa neno jipya."

Madoido akaliandika herufi moja moja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akasoma kila kilichoandikwa, mpaka nukta: Kwa usalama wako, tumeuliza kwenye kifaa chako kingine. Tafadhali subiri jibu.

"Kifaa gani kingine?" dada akauliza.

Ndani ya sanamu ikasikika sauti ya Madoido mwenyewe, ile ile yenye pini mdomoni, ikisoma bila haraka: "Kuna anayejaribu kuingia kwenye akaunti yako. Je, ni wewe?" Ikatulia kidogo, kama mtu anayefikiri, jambo ambalo mwenye sauti hakuwahi kulifanya.

"Hapana," ikajibu.

Kioo cha simu kikazimika. Na humo humo ndani ya sanamu, mama yao akakohoa.