Kazi ya Kulabu

Ambros Herger alipenda visu kuliko alivyowahi kumpenda mwanamke yeyote, na wanawake wa bonde lile waliligundua hilo mapema wakamwachia visu vyake. Alikuwa navyo kumi na vinne, vyote vya kukunja, kila kimoja na mfuko wake wa ngozi. Kiangazi kile alipopanda na mdogo wake Melk kwenye malisho ya juu na ng'ombe ishirini na wawili, alibeba cha kumi na tano, kipya, chenye vifaa ishirini na kimoja ndani ya mpini mmoja. Alilala nacho chini ya mto.

Jioni moja ya Agosti Melk alikuwa akisugua sufuria kubwa la shaba la kupikia jibini.

"Kaka, yule mtamba Lusti amenaswa na seng'enge kule juu kwenye uzio. Nenda ukamtoe kabla sijaita."

"Ndiyo kazi niliyokuwa naisubiri," Ambros akasema, akipapasa mfuko.

"Najua. Hata ng'ombe wote wangenaswa wewe ungeona sikukuu. Lakini nikianza kuita, funga hayo madude yako. Yote."

"Unaongea kama bibi."

"Bibi alizikwa na vidole vyake kumi," Melk akasema, akaendelea kusugua.

Kule juu, kila jioni jua likigusa mlima, mchungaji mmoja hupanda juu ya jiwe, huweka mdomoni faneli ya mbao ya kuchujia maziwa, na kuiimba sala juu ya malisho yote. Humwita Mungu, Maria, na watakatifu wanaolinda mifugo. Sauti inapofika, hakuna baya litakaloingia hadi asubuhi. Inapoishia ndipo uzio hujengwa. Na sauti ikiwa bado hewani, hakuna anayeacha kisu wazi, kwa sababu makali huikata. Watoto wa huko hulijua hilo kabla ya kujua kukamua. Ambros naye alilijua, ila hakuwahi kuona lolote likitokea, basi akaliweka pamoja na mambo ya bibi.

Melk alikuwa na sauti ya ajabu. Watu wa malisho ya ng'ambo walizima redio ili wamsikilize. Hakuwa na shamba wala nyumba, lakini alikuwa na sauti ile, na Ambros, ambaye hakuwa mtu wa kusema mambo kama hayo, alijivunia sana.

Mtamba alikuwa amejizungushia waya mguuni. Ambros akafungua koleo la kisu chake kipya, akakata. Kach. Kach. Akalikunja koleo, akamsukuma Lusti matakoni, kisha akasimama pale akikikodolea macho chombo chake mkononi, ameridhika.

Ndipo akanusa maziwa yaliyochacha. Na chuma kilicholowa.

"Kizuri hicho."

Mtu alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio. Koti jeusi la wachungaji, kofia imeshushwa usoni. Nyasi zilikuwa na umande tayari, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu kabisa.

Ambros aliliona hilo. Naliandika wazi ili asitetewe. Aliliona, lakini katika miaka ishirini ya kukusanya visu hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo kwa hiari yake.

"Kina vifaa ishirini na kimoja," akasema.

"Nionyeshe." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayebana pumzi.

Ambros akavuta cha kwanza kwa ukucha.

"Bapa kubwa. La kukatia chochote."

"Na hiki?"

"Msumeno. Tawi la unene wa mkono, dakika mbili."

Mtu yule akautazama mkono wa Ambros, kisha akauliza tena, polepole. Na hiki? Msharasi, wa kutobolea ngozi. Na hiki? Mkasi. Na hiki? Kizibuo cha chupa. Kila kifaa kilitoka na mlio wake mdogo, na Ambros alitabasamu kila mara.

Chini kule, Melk akaanza kuita.

Kidole cha Ambros kikagusa bapa kulifunga.

"Na hiki?" mtu akanong'ona.

Kilikuwa kulabu. Kifupi, kimepinda, hakina makali. Ambros akasita. Mwenye visu anayeulizwa kazi ya kifaa chake akakosa jibu huona aibu kubwa.

"Hicho... kusema kweli sikijui. Nadhani ni cha kubebea mizigo. Wengi hawakijui."

"Mimi nakijua. Nipe nikuonyeshe."

Na Ambros akampa. Alikipitisha juu ya uzio kikiwa wazi, vifaa sita vimesimama, kama wanavyopeana wapenda visu wote ili mwenzao aone uzito.

Sauti ya Melk ikafika vipandevipande.

"Mungu ailinde... na Maria a... malisho yetu... wote wa..."

Ilikuwa kama kitambaa kinachokatwa kwa mkasi. Ambros akageuka kusikiliza. Alipogeuka tena, mtu yule alikuwa upande wa huku wa uzio, na nyasi chini ya miguu yake zilisimama wima.

Kisha hakuwepo.

Lusti alikuwa bado amesimama. Koo lake lilikuwa wazi kutoka sikio hadi sikio, na damu ilimtoka bila kishindo, ikaloweka viatu vya Ambros kwa joto lake. Akapiga magoti, akaanguka.

Bapa kubwa.

Kengele ya ng'ombe mwingine ikanyamaza huko chini. Ambros akakimbia.

Akamkuta ng'ombe wa pili akijikokota kwa magoti. Miguu ya mbele ilikuwa imelazwa pembeni yake, imekatwa sawasawa, mmoja kando ya mwingine. Msumeno. Hapo Ambros akaelewa. Mtu yule alikuwa akifuata mpangilio. Alikuwa akivijaribu vifaa, kimoja baada ya kimoja, kama Ambros alivyomwonyesha.

Ng'ombe mweusi alikuwa akizunguka mahali pamoja, matundu mawili mahali pa macho. Msharasi. Mbuzi wao alilala ukingoni mwa kijito, ngozi ya tumbo imefunguliwa kwa mstari mzuri wa fundi cherehani, na matumbo yalikuwa majini. Mkasi.

"Melk!"

Mbwa wao, Bari, alikuwa mlangoni pa kibanda. Katikati ya paji la uso palikuwa na tundu la mviringo. Kizibuo.

Kilibaki kimoja.

Melk alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe la wito, faneli imevunjika kando yake. Mtu yule alimshika nywele kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulishika kisu kinywani mwa Melk, kulabu imezama ndani, vifaa vingine vitano vimesimama nje.

Ambros hakuwaza. Akamrukia, akaushika ule mkono uliokuwa na kisu, akaanza kufanya alichopaswa kufanya kule juu: kufunga. Akalipiga bapa kwa kiganja. Pap. Kidole chake cha mwisho kikaenda nalo. Mtu yule akayumba, mguu mmoja ukalegea. Akaufunga msumeno, ukamla cha pili hadi mfupa ukakatika. Alilia huku akifunga. Msharasi ulimtoboa kiganja, akaufunga ukiwa ndani ya nyama. Mkasi. Kizibuo. Kila kimoja kilipofungwa, mwili ule ulilegea chini yake, koti likawa kama halina mtu.

Kulabu hakuifikia. Ilikuwa kooni mwa Melk.

Mtu yule akavuta.

Haikutoka damu. Kilitoka kitu chembamba, cheupe, kirefu kuliko urefu wa mtu, na kilikuwa kikiimba kwa sauti ya chini.

"Umeona kazi yake sasa," akanong'ona.

Akatoweka, na mkono wa Ambros ukabaki umeshika hewa.

Helikopta iliwachukua wote wawili. Melk hakuweza tena kutoa sauti; madaktari walimtazama koo na ulimi, wakakuta kila kitu kizima, wakasema ni mshtuko. Afisa wa wanyamapori aliandika mbwamwitu. Ambros alimuuliza kama mbwamwitu hupanga miguu aliyoikata, na afisa akamwambia apumzike. Kisu hakikuonekana tena.

Siku ya nne walirudi juu, kwa sababu majirani walikuwa wamechoka kuwakamulia. Ambros alishavitupa visu vyake kumi na vinne korongoni, na hakuvisikitikia hata kidogo. Jua lilipogusa mlima alipanda juu ya jiwe na faneli mpya, mkono umefungwa bendeji, akaita. Alikuwa na sauti ya bata. Alifika mwisho wa sala huku Melk amesimama kando yake na ndoo, kimya, machozi yakimtoka.

Pakawa shwari.

Kisha, kutoka ng'ambo ya uzio, sala ikaanza upya. Nzima, bila pengo. Sauti nzuri kuliko zote bondeni.

Ng'ombe wakainua vichwa. Wakageuka, mmoja mmoja, wakaanza kupanda kuelekea uzioni, kama walivyomfuata mwenye sauti ile kila kiangazi cha maisha yao. Ndoo ikaanguka. Melk naye alikuwa anakwenda.

Ambros akamdaka kiunoni. Melk akampiga kiwiko mdomoni, jino likavunjika. Akampiga tena. Ambros hakuachia.

Wimbo ukakatika.

"Kaka," ikasema sauti kule juu, na midomo ya Melk ikaenda nayo neno kwa neno. "Njoo unitoe. Kinauma."

Ambros akakaza mikono, damu ikipenya bendeji. Hakujua tena kama ndugu yake ni huyu aliyekuwa amemshika, au ni sauti ile aliyokuwa akiiacha.