Paka Aliyeburuta Miguu

Ndugu zangu, palikuwa na fundi cherehani, mjane mchapakazi, aliyefuga paka jina lake Meneja. Aliitwa hivyo kwa kuwa hakufanya kazi yoyote ila kukagua za wenzake. Asubuhi hulala juu ya vitambaa vilivyokatwa, mama huyo akimwimbia huku cherehani ikilia.

Siku moja Meneja aliruka kutoka mezani, akaanguka kama gunia. Alipojaribu kuinuka, miguu ya nyuma ilimkatalia, akawa anaiburuta.

Fundi hakuuliza mara mbili. Shemeji yake seremala, mdogo wa marehemu mumewe, aliyefanya kazi chumba cha pili, juzi tu alilalamika kwamba paka huyo amekojolea mbao zake. Fundi akamfuata, akamkuta ameshika randa, akamtuhumu mbele ya wateja kwamba amempiga paka mgongoni.

Ilimuuma seremala. Lakini aliiweka randa chini, akamwaga misumari kutoka kwenye boksi, akatandika humo maranda laini ya mbao, paka apate pa kulala.

"Shemeji, utanitukana njiani," akasema. "Kwanza tumpeleke kwa daktari wa mifugo."

Na kweli, alimtukana njia nzima.

Daktari alimpapasa Meneja uti wa mgongo, akapima damu na choo, akauliza anakula nini. Fundi akajibu kwa fahari kwamba mijusi na konokono wa uani wanamkoma. Je, daktari akauliza tena, alipewa lini dawa ya minyoo? Fundi akatazama dari.

"Hakuna aliyempiga," daktari akasema. "Ni minyoo. Mingine haiishii tumboni, huingia hadi kwenye uti wa mgongo na kuumiza neva. Nitamtibu, ila siwaahidi kwamba atatembea kama zamani."

Njiani wakirudi, fundi alikuwa mdogo kama sindano.

"Shemeji, nimekukosea, tena mbele za watu."

"Basi radhi nayo niombe mbele za watu," seremala akajibu, akicheka.

Walipofika akamwomba, wateja wote wakisikia. Wiki zilizofuata, fundi alimpa paka dawa, seremala alimtembeza akimshikilia tumboni kwa ukanda wa kitambaa. Leo Meneja anatembea upande kama kaa, lakini anatembea.

FUNZO

Mnyama wako hana ulimi wa kujieleza. Mpe kinga ya minyoo kwa wakati, kama daktari anavyoagiza. Usimwache ale ovyo, na akilegea miguu usingoje kesho. Tena, usimnyooshee ndugu yako kidole kabla hujachunguza. Paka akipooza ana daktari wake. Undugu ukipooza, wa kuuponya ni wewe mwenyewe.