Sukari ya Marehemu

Alhamisi ile jua lilikuwa linazama nyuma ya Mlima Sumbing nilipomaliza kutwanga kahawa. Ilikuwa kazi ya kila wiki: glasi moja ya marehemu, iwekwe chumbani mwake kabla ya magharibi. Marehemu mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu, Bibi Sutinah, siku thelathini na tano kaburini.

Sitaficha, nilimwogopa. Nilipoteza mimba tatu kabla ya kumpata Lastri, mwanangu wa pekee, sasa wa miaka minne. Na siku anakata roho, yule bibi alimng'ang'ania mkono mjukuu wake akasema haendi peke yake.

Basi nikaona nimbembeleze. Nikatia sukari, vijiko vitatu, nikaipeleka glasi chumbani mwake. Kisukari kilimnyima utamu miaka kumi. Nikajua atafurahi, aniachie mwanangu. Wema wangu ukaniponza.

Jirani yetu, Shangazi Paikem, alikuja kuazima ungo, akakiona kijiko chenye sukari.

"Umetia sukari?" alininong'oneza.

"Kidogo tu, Shangazi."

"Wewe mtoto umerogwa? Marehemu hupewa kahawa chungu, anywe aende zake. Tamu ni ya mgeni unayetaka akae."

Nilikimbilia chumbani.

Kwanza harufu... kahawa inakaangwa pamoja na nazi, kama alivyokaanga yeye. Jiko langu lilikuwa limezimika zamani. Halafu kijiko kikigonga glasi, taratibu... ting... ting...

Kikanyamaza.

Glasi ilikuwa tupu. Hata mashapo hayakubaki, na mashapo ya kahawa hakuna mtu anayeyala. Lastri alikuwa amekaa kwenye kitanda cha bibi yake, anachezesha miguu. Nilimnusa mdomo. Haukunuka kahawa.

Mume wangu alisema mtoto kainywa, yaishe. Nilitamani sana kumwamini.

Alhamisi iliyofuata nilipika kahawa chungu kama mila inavyotaka, nikaiweka chumbani, nikafunga mlango. Nikampakata Lastri jikoni, nimemkumbatia kwa mikono miwili.

Akanisogelea sikioni.

"Kahawa ya leo chungu, mkwe."

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sikujua kama ni yangu, mwanangu yuko wapi.

"Yumo humu. Amelala." Akanipapasa shavu kwa kiganja kidogo cha moto. "Usipige kelele, utamwamsha. Lete sukari."

Nikaenda kuileta.