Maoni ya Hellen Yaliyofutwa

Walikutana kwa fundi simu, soko la Bukoba, Jumamosi watu wamefurika. Fundi alikuwa amewapa simu kimakosa, kila mmoja ya mwenzake. Kokushubila, fundi cherehani, gauni lake la kitenge cha manjano likimkaa sawasawa, alimfuata kijana mrefu wa shati jeupe aliyeshika simu yake.

"Mama yako amepiga," kijana alisema. "Nimemwambia u mzima."

"Yako imeita mara sita. Yote majina ya wanawake."

"Ni wasomaji wangu, waitu," alijitetea kwa upole wa Kihaya.

Aliitwa Anatory, mwalimu wa Izigo. Aliendesha ukurasa wa mtandaoni, Jukwaa la Muleba, ambako maelfu walijadili kahawa, barabara na siasa. Mapenzi yalipokolea alimpa Kokushubila nywila, awe anafuta matusi yeye akiwa darasani.

Uchaguzi ukafika, Hellen akagombea udiwani wa Izigo. Hellen alijua kuvaa, na alijua kuandika. Kila asubuhi aliweka sera zake ukurasani, akamalizia: "Asante Anatory wetu," na ua jekundu. Hilo "wetu" lilimkwama Kokushubila kooni kama mwiba wa sato. Akafuta maoni yale. Kesho yake akafuta tena. Wiki ya tatu alikuwa akifuta hata ya wafuasi wa Hellen.

Siku moja Anatory alipiga simu, sauti imekauka.

"Koku, Hellen amenishtaki. Anasema nambeba mpinzani wake, Mujuni."

"Kwa nini asikupigie tu? Namba yako si anayo?"

"Hana. Mpenzi, mimi sijafuta kitu. Labda ni hitilafu ya mtandao."

Kokushubila alikata simu bila kukiri. Kumbe Hellen hata namba hakuwa nayo.

Shauri lilisikilizwa Muleba mjini, mbele ya kamati ya usuluhishi ya uchaguzi. Hellen aliingia na suti ya buluu. Kokushubila, nyuma kabisa, aliichunguza mishono yake akitafuta kasoro. Hakuiona.

"Mimi ni mwenye ukuta tu," Anatory alijitetea. "Wanaoandika ni wananchi."

"Ukuta haufuti," mwenyekiti, mzee Rugaibula, alimjibu. "Ukishachagua nani asikike, unawajibika. Nani mwingine ana nywila?"

Anatory hakugeuka nyuma. "Ukurasa ni wangu. Niandikeni mimi."

Hapo Kokushubila alielewa kwamba Anatory alikuwa anajua, na kwamba alikuwa tayari kufungiwa ukurasa kuliko kumtaja. Miguu ikamsimamisha.

"Ni mimi. Sina chama. Nilikuwa na wivu."

Watu walicheka. Hellen hakucheka. "Dada, watu wangu wamedhani nimejitoa," alisema.

Kamati iliamuru ukurasa uombe radhi na kurudisha kila kilichofutwa. Anatory akabadilisha nywila, na simu zake kwa Kokushubila zikakoma. Mwezi mzima Kokushubila alishona huku akitazama kioo cha simu. Hellen alishindwa kwa kura kumi na moja, na hesabu hiyo ilimnyima usingizi Kokushubila kuliko ukimya wa Anatory. Akapanda gari hadi Izigo, akamwomba Hellen radhi uso kwa uso. Hellen alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Jioni ile simu iliita.

"Nimesikia ulikokwenda," Anatory alisema. "Jumapili nakuja na baba mdogo kujitambulisha kwenu."

Kokushubila aliweka mkasi chini. "Umenisamehe?"

"Bado. Ila kukukosa kumenishinda."

"Na nywila?"

"Hiyo hupati, mke wangu."

Kokushubila akacheka huku analia. "Basi usimpe mwingine."